Anga na Mawingu Halisi kwenye Blender: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Anga ya Kisumu

Picha nyingi za mandhari ninazoonyeshwa na vijana wa hapa Kisumu zina ugonjwa mmoja. Ardhi imetulia, mabati ya nyumba yanang'aa inavyotakiwa, hata maji ya ziwa yamekubali. Ukiinua macho juu, unakuta moshi wa kijivu umening'inia.

Mwenye picha akiulizwa, atasema amehangaika na Noise Texture, nodi ya ruwaza za kubahatisha inayochonga umbo la wingu, wiki nzima. Noise mara nyingi haina kosa. Kosa liko kwenye vipimo na nuru, vitu ambavyo wengi huviacha vilivyo na kukimbilia umbo la wingu. Hapa tutafuata mpangilio mwingine: kipimo, jua, kasha, rangi, na umbo mwisho kabisa.

Mandhari yetu ni moja. Umesimama tambarare ya Kano, upande wa Ahero, unatazama kaskazini kwenye ukuta wa milima ya Nandi. Ni mwezi wa Machi, saa kumi na nusu alasiri, na mawingu ya mafungu (cumulus) yameanza kujijenga juu ya milima. Nimechagua saa hiyo makusudi, kwa sababu jua liko magharibi nawe unatazama kaskazini, hivyo nuru inayapiga mawingu ubavuni. Nuru ya ubavuni ndiyo inayoonyesha unene.

## Vitu vya kuwa navyo

- Blender 4.2, programu ya kutengeneza picha za 3D, ambayo ni ya bure. Toleo la 5 lilibadilisha hesabu za mawingu na majina ya modeli za anga, kwa hiyo ukiwa nalo baadhi ya vitufe hutavikuta mahali ninapovitaja.
- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 kwenda juu. Kadi ya picha itakuokolea saa nyingi, lakini bila hiyo kazi bado inafanyika.
- Ardhi yoyote uliyokwisha kutengeneza: bapa la tambarare na mlima kwa nyuma vinatosha.
- Picha chache za anga ulizopiga kwa simu, bila vichujio, upeo wa macho ukionekana, na saa ya kupiga ikiwa imeandikwa.
- Joto la alasiri na kiwango cha umande (dew point) cha siku hiyo. Programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu huonyesha vyote viwili.

Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usipotee ukivitafuta.

## Hatua ya 1: Amua kipimo kabla ya kugusa chochote

Tangu sasa, uniti moja ya Blender ni mita 100. Usibadilishe Unit Scale kwenye mipangilio. Liweke tu kichwani na uliheshimu.

Sababu ni hii. Wingu halisi lina upana wa kilomita moja au mbili. Ukilitengeneza ndani ya mchemraba wa uniti mbili kisha ukaliweka juu ya nyumba ya uniti kumi, msongamano wake, vivuli vyake na ulaini wa kingo zake vyote vitasema uongo, na hakuna noise itakayoliokoa.

Sasa tafuta urefu wa kitako cha wingu. Kanuni ya mkononi ni rahisi: toa kiwango cha umande kutoka kwenye joto, kisha zidisha kwa mita 125. Joto likiwa nyuzi 29 na umande nyuzi 18, tofauti ni 11, na kitako kitakuwa mita 1,375 hivi juu ya ardhi. Kwetu hiyo ni uniti 14.

Linganisha na milima. Mji wa Nandi Hills uko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu mita 1,130 hivi. Kwa hiyo mlima wako uwe na uniti 8 au 9, na kati ya kilele chake na kitako cha mawingu ibaki nafasi ya kutosha. Mtu akikuletea picha ambayo mawingu ya mchana mkavu yamelalia mgongo wa Nandi, ujue hakupima.

Weka kamera kwenye Z ya 0.02, yaani mita mbili, ikitazama upande wa +Y ambao ndio kaskazini yetu. Lenzi iwe milimita 24, na Rotation X iwe 105 ili iinue uso kidogo. Mlima uwe umbali wa uniti 60 hivi. Pandisha Clip End (mwisho wa umbali unaoonekana) ya kamera na ya dirisha la kazi hadi 2000, ili vitu vya mbali visikatwe ukadhani vimefutika.

## Hatua ya 2: Weka jua mahali pake

Kwanza, kwenye Render, chagua Cycles iwe injini ya kurenda, maana baadhi ya vitufe vya hatua zijazo havionekani bila hiyo. Kisha fungua World, bonyeza doa la rangi kando ya Color, chagua Sky Texture ya aina ya Nishita. Acha Sun Disc ikiwa imewashwa.

Sun Elevation ndiyo watu hukisia. Usikisie. Saa za Kenya zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Kisumu iko karibu nyuzi 34.75. Ndiyo maana jua letu hufika kilele wastani wa saa sita na dakika arobaini mchana, na kuzama kwenye saa moja kasorobo jioni, likitangulia au kuchelewa kidogo kulingana na mwezi. Machi, karibu na tarehe 20, hushuka takribani nyuzi 15 kwa saa, karibu wima. Saa kumi na nusu litakuwa nyuzi 35 hivi juu ya upeo wa macho. Andika 35.

Kwa Sun Rotation, weka mchemraba ardhini na uzungushe thamani hadi kivuli chake kilale moja kwa moja mashariki, upande wa +X. Kivuli kikiwa na urefu wa karibu mara moja na nusu ya kimo cha mchemraba, jua limekaa sawa. Futa mchemraba.

Altitude andika 1130 m. Dust iache kwenye 1 kwa siku ya kawaida. Ishushe hadi 0.5 kwa anga iliyooshwa na mvua ya Aprili, na uipandishe hadi 2 au 3 kwa Januari yenye vumbi, au siku ambayo mashamba ya miwa ya Muhoroni yanachomwa.

Picha itakuwa nyeupe pe. Usishtuke: modeli hii hutoa mwangaza unaofuata wa jua lenyewe. Shusha Strength ya Background hadi 0.2 kisha urekebishe kwa jicho. Kwenye Color Management hakikisha View Transform ni AgX. Ukitumia Standard, upande wa wingu unaopigwa na jua utaungua na kuwa bapa jeupe lisilo na mikunjo.

Kabla ya kuendelea, tazama anga tupu. Bluu ya utosini iwe nzito kuliko ya upeoni, na kadiri unavyoshuka rangi ififie na kuelekea weupe. Kama bluu ni moja juu hadi chini, rudi nyuma, kwa sababu mawingu hayatalificha tatizo hilo.

Neno kuhusu HDRI, yaani picha halisi za anga zinazobandikwa kuzunguka mandhari, maana najua kuna anayetaka njia ya mkato. Nyingi zimepigwa Ulaya. London mwezi wa Desemba jua la adhuhuri hufika nyuzi 15 tu; Kisumu, adhuhuri ya jua haishuki chini ya nyuzi 66 mwaka mzima. Ukiibandika anga hiyo juu ya soko la Kibuye, vivuli virefu vya adhuhuri vitakuumbua mbele ya mteja ambaye hata hajui Blender ni nini.

## Hatua ya 3: Kasha la mawingu

Ongeza mchemraba. Kwenye paneli ya N andika vipimo: X 100, Y 100, Z 20. Hilo ni eneo la kilomita 10 kwa 10, lenye kimo cha kilomita 2. Lipeleke Y 60 na Z 24, ili sakafu yake ikae kwenye uniti 14 tulizozipata.

Sasa bonyeza Ctrl+A, chagua Scale. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa kuliko zote. Usipoifanya, Blender itaendelea kuliona kasha kama mchemraba wa uniti mbili, noise itavutwa kwa upana, na mawingu yatatoka bapa kama chapati. Ukiona mawingu yamelala hivyo, usiguse noise. Rudi hapa.

Ipe kasha materiali mpya, kata waya unaoingia Surface, kisha unganisha Principled Volume, nodi ya vitu vya ujazo kama moshi na mawingu, kwenye Volume. Ukiusahau waya wa Surface, utapata sanduku jeupe angani.

## Hatua ya 4: Ondoa moshi

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo soma polepole.

Principled Volume huja na Color ya kijivu, 0.5. Maana yake ni kwamba kila nuru inapogonga chembe, nusu yake inamezwa. Baada ya migongano mitano imebaki asilimia 3 tu. Hiyo ni tabia ya masizi. Matone ya wingu ni maji, na maji hayamezi karibu chochote katika nuru tunayoiona; yanairusha tu huku na huku. Weka Color kwenye 0.99 kwa nyekundu, kijani na bluu. Baada ya migongano ileile mitano, asilimia 95 ya nuru bado ipo.

Lakini hiyo peke yake haitoshi. Nenda Render, Light Paths, Max Bounces. Angalia Volume: imeandikwa 0. Yaani umeiruhusu nuru igonge mara moja, kisha ife. Wingu hupata weupe wake kwa nuru inayoruka ndani yake mara nyingi kabla ya kutoka. Weka 12. Kompyuta ikilemewa, shuka hadi 6, usishuke zaidi.

Anisotropy ni mwelekeo wa kuruka. Matone halisi hurusha nuru mbele kwa nguvu, karibu 0.85, lakini thamani hiyo inahitaji migongano mamia ambayo kompyuta zetu haziwezi. Kwa nuru ya ubavuni tumia 0.3. Huu ni udanganyifu, na ni udanganyifu mzuri.

Ukirenda sasa hivi utaona tofali moja kubwa jeupe, lenye kivuli laini upande wa mashariki. Ndivyo inavyotakiwa. Likiwa bado la kijivu upande wa jua, kuna thamani moja kati ya hizi hukuiweka.

## Hatua ya 5: Chonga umbo

Injini ibaki Cycles. EEVEE haifai kwa kazi hii. Ndani ya materiali, jenga nodi kwa mfuatano huu:

1. Texture Coordinate, tundu la Object, kwenda Noise Texture ya kwanza: Scale 0.07, Detail 2. Hii inaamua wingu liwe wapi. Scale ya 0.07 hutoa mafungu ya karibu uniti 15, yaani kilomita moja na nusu.
2. Object ileile kwenda Separate XYZ. Chukua Z, ipitishe Map Range: kutoka -10 hadi 10, kwenda 0 hadi 1. Sasa una kimo: 0 kitakoni, 1 kileleni.
3. Zidisha kimo kwa 0.2 kwa nodi ya Math, kisha ukitoe kwenye noise ya kwanza.
4. Noise Texture ya pili kutoka Object: Scale 0.4, Detail 6, Roughness 0.6. Izidishe kwa 0.15, nayo uitoe.
5. Matokeo yaingie Map Range: kutoka 0.45 hadi 0.50, kwenda 0 hadi 1, Clamp ikiwa imewashwa.
6. Zidisha kwa 3, peleka kwenye Density.

Kwa nini kutoa kimo? Hewa yenye unyevu hupanda kutoka chini, na kadiri inavyopanda ndivyo sehemu zenye nguvu tu zinavyofika juu. Kutoa kimo hufanya vivyo hivyo: chini wingu ni pana, juu vinabaki vichwa vichache vya mviringo. Kitako bapa tumekipata bure, maana sakafu ya kasha ndiyo inayokikata. Mawingu ya mafungu huwa na vitako vilivyonyooka kwa kuwa mvuke wote katika eneo hilo huanza kugeuka matone kwenye kimo kilekile, kile tulichokipiga hesabu. Mawingu yenye tumbo la mviringo chini ndiyo alama ya kwanza ninayoitafuta katika picha bandia.

Mkato ukionekana mkali kama wa kisu, ongeza Map Range nyingine ya kimo, kutoka 0 hadi 0.03 kwenda 0 hadi 1, uizidishe na matokeo ya nodi ya tano. Hizo ni mita 60 za ulaini. Zinatosha.

Density ya 3 nayo haikuanguka kutoka juu. Nuru ndani ya wingu la kawaida husafiri makumi machache ya mita kabla ya kugonga tone. Kwa 3, inasafiri theluthi ya uniti, yaani mita 33. Ukitaka mawingu mengi au machache angani, usiguse Density: sogeza ile 0.45 na 0.50 pamoja, chini kidogo kwa anga iliyojaa, juu kidogo kwa anga wazi. Mabadiliko ya 0.02 huonekana, kwa hiyo nenda taratibu.

## Hatua ya 6: Hatua za sampuli

Umerenda na mawingu yametoka kama mashuka yaliyopangwa, au yameyeyuka? Fungua Render, sehemu ya Volumes.

Cycles husoma wingu kwa kupiga hatua ndani yake, na urefu wa hatua hukadiriwa kwa kugawa ukubwa wa kasha mara kumi. Kasha letu ni la kilomita, kwa hiyo hatua moja inakuwa mita mia kadhaa, na vifundo vya mita 250 tulivyovichonga vinarukwa vyote. Weka Step Rate Render 0.1, na Viewport 0.5 ili uweze kufanya kazi bila kusubiri. Kwa picha ya mwisho jaribu 0.05.

Usirende picha nzima kila unapobadilisha namba. Weka azimio asilimia 25, bonyeza Ctrl+B na uzungushie kipande kimoja chenye ukingo wa wingu. Ukingo ndio unaokwambia ukweli: upande wa magharibi mweupe wenye vifundo vinavyosomeka, upande wa mashariki wa kijivu chenye bluu kidogo kutoka angani. Kama pande mbili zinafanana, rudi hatua ya 4.

## Hatua ya 7: Utusitusi wa mbali

Milima ya Nandi ukiiona kutoka Ahero haina kijani cha majani. Ina bluu iliyopauka. Sky Texture hupaka anga tu. Haiweki hewa kati yako na mlima.

Wengi hukimbilia Mist Pass, safu ya ukungu inayoongezwa juu ya picha kulingana na umbali. Tatizo lake ni kwamba haiyaoni mawingu ya ujazo. Kwake pale ni anga tupu, na ukiichanganya ovyo itayafunika mawingu uliyoyatolea jasho. Afadhali kasha la pili: X 150, Y 150, Z 13, kutoka ardhini hadi chini kidogo ya kasha la mawingu. Makasha yasigusane. Lipe Principled Volume yenye Density 0.01 na rangi nyeupe yenye bluu kidogo, kisha kwenye mipangilio ya materiali washa Homogeneous, ili Cycles isipige hatua ndani yake.

Thamani ya 0.01 ni siku ambayo macho hufika karibu kilomita 40. Kwa siku ya vumbi zidisha mara mbili.

Ukishamaliza, tazama ardhini. Vivuli vya mawingu vinapaswa kulala juu ya mashamba ya mpunga, karibu kilomita mbili mashariki ya mawingu yenyewe. Vivuli hivi ndivyo vinavyofunga anga na ardhi kuwa mahali pamoja. Visipoonekana, jua la Sky Texture umelizima mahali fulani.

## Hatua ya 8: Picha ya mwisho

Sampuli 256, Denoise ikiwa imewashwa. Denoise ikilainisha vifundo vya wingu hadi vikapotea, pandisha sampuli hadi 512 badala ya kuongeza noise. Chengachenga kidogo ndani ya vivuli si tatizo. Kwenye picha iliyochapishwa hazionekani.

Hifadhi faili kabla ya kubonyeza F12. Stima ikipotea katikati, picha isiyokamilika haihifadhiki yenyewe.

## Ukitaka mvua

Usipake wingu rangi nyeusi. Wingu la mvua lina giza chini kwa sababu ni nene, nuru haifiki. Ongeza kimo cha kasha hadi uniti 80 na ulisogeze juu ili sakafu ibaki kwenye 14, fanya Ctrl+A tena, na ubadilishe ile -10 na 10 ziwe -40 na 40. Punguza Scale ya noise ya kwanza hadi 0.03. Kitako kitajitia giza chenyewe. Minara ya mvua ya nchi za joto huweza kupita kilomita 15, kwa hiyo kilomita 8 bado ni kiasi. Iweke juu ya milima, si juu yako: alasiri upepo wa ziwani husukuma unyevu bara, na ukuta wa Nandi na Kericho ndio unaoupandisha.

## Ukitaka machweo ya Dunga

Geuza kamera magharibi, ulihamishe kasha mbele yake, Sun Elevation 4. Machi jua huzama magharibi kamili. Juni huzama karibu nyuzi 23 kuelekea kaskazini, Desemba kiasi hichohicho kuelekea kusini, kwa hiyo picha ya Desemba isiwe na jua la Juni.

Pandisha Anisotropy hadi 0.7. Sasa nuru inakuja kutoka nyuma ya wingu, na kurushwa mbele ndiko kunakotia kingo zake mwanga mkali huku tumbo likibaki zito. Usiongeze zambarau kwa mkono. Ukiona rangi ni hafifu, shusha jua hadi nyuzi 2 na upandishe Dust kidogo kidogo. Kila nyuzi moja hapo ni kama dakika nne za jioni halisi, na anga hubadilika upesi kuliko unavyotarajia.